Kwa anayeanza kujitolea kwenye nyumba za mawe za Mikindani

Kila anayejiunga na kikundi cha kutengeneza nyumba ya kale hutaka ashike mwiko siku ya kwanza. Subiri. Nyumba za mawe za Mikindani, mji wa kale wa pwani karibu na Mtwara, hazikuchakaa kwa kukosa watu wa kuzipiga lipu. Nyingi zimeangushwa na maji, na baadhi zimeumizwa na lipu yenyewe, ile ya saruji, iliyopigwa kwa nia njema kabisa.

Wiki ya kwanza iwe ya macho na daftari. Zunguka ukuta ukitafuta maji yanaingilia wapi. Bati lililotoboka huonekana upesi, lakini chunguza zaidi chini: mchanga na taka zilizorundikana mpaka zikafunika baraza, bafu la uani linalotiririsha maji ukutani, njia iliyoinuliwa ikawa juu kuliko sakafu ya nyumba. Mkuyu uliootea kwenye ufa usiung'oe, kwa sababu mizizi yake imekumbatia mawe na utatoka nayo. Ukate shina, uache mizizi ikauke, kisha uzibe. Piga picha kila upande, kwanza kwa mbali, halafu kwa karibu ukiwa umeweka rula au hata kalamu pembeni ya ufa. Mwakani mtu akiuliza kama ufa umeongezeka, picha isiyo na kipimo haitakusaidia kitu.

Kuanzia usawa wa goti utaona pengine unga mweupe umechanua kama magadi. Hiyo ni chumvi. Ifagie ikiwa kavu, kwa brashi laini, uikinge kwenye karai ukaitupe mbali. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ya jiwe.

Ruhusa zinachosha, ila hakuna njia ya mkato. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Halmashauri ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na Idara ya Malikale (Mambo ya Kale) ihusishwe mapema. Kigumu zaidi ni wenye nyumba. Nyingi ni za urithi: warithi saba, wawili wako hapa, wengine Dar na Tanga. Kukubali kwa yule anayekaa ndani hakutoshi. Pata neno la wote kwa maandishi, la sivyo kazi itasimamishwa ukuta ukiwa nusu. Na akitokea mtu anayetaka kununua mlango wa nakshi, jueni kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na miimo ya mbao iliyochongwa kabla ya 1940. Haing'olewi wala kuuzwa kwa mapatano ya uani.

Sasa saruji. Mawe ya nyumba hizi ni matumbawe, na ukuta wake hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani, mchana na usiku. Chokaa inauruhusu upite. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na inauziba, hivyo unyevu unabaki nyuma yake pamoja na chumvi. Chumvi ikikauka inajikusanya chembechembe na kulisaga jiwe likawa unga. Baada ya misimu michache lipu inadondoka vipande vipande, na uso wa jiwe unaondoka nayo. Gonga kwa kifundo cha kidole: ikilia kama debe tupu, imeshaachia, iondoe. Ile iliyoshika barabara iache kwanza, maana patasi itachimba mawe kabla ya kuitoa.

Mvua za kusini ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo kazi ya ukuta ni Juni mpaka Oktoba. Chokaa iwe imeshalowekwa Machi. Hapa ndipo vikundi vingi hukwama: watu wamekuja, magunia yamenunuliwa jana, na kila mtu ana haraka.

Ukipata mawe ya chokaa yaliyotoka tanurini, tanguliza maji kwenye pipa, kama nusu yake, ndipo utie mawe kidogo kidogo ukikoroga kwa mti mrefu. Usifanye kinyume, yaani kumwaga maji juu ya rundo la mawe. Inachemka kwa nguvu, inaruka, na inaunguza. Vaa miwani ya kazi, glavu na viatu vya kufunika, watoto wakae mbali. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa robo saa bila kukatiza, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepungua. Ikipoa, ichuje kwenye wavu wenye matundu madogo, iache pipani ikiwa imefunikwa na maji kina cha vidole vinne. Wiki tatu ndiyo kiwango cha chini, miezi mitatu ni bora zaidi. Ikiiva huwa laini kama mtindi mzito na hushika kwenye mwiko hata ukiugeuza.

Chokaa ya unga inayouzwa kwa mifuko nayo inafaa, mradi iwe mpya. Iliyokaa dukani mwaka mzima imeshavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, haitashika. Kuijua ni rahisi: weka kijiko cha unga kwenye kisahani, kamulia ndimu. Ikitoa povu jingi la kuchachuka, irudishe dukani. Iliyo nzima hutulia, au hutoa povu kidogo tu. Iloweke usiku na mchana kabla ya kuitumia, na ikikaa wiki ni heri zaidi.

Tanuri la kienyeji lina gharama ambayo haionekani kwenye risiti. Matumbawe hai ya baharini ni mazalia ya samaki, na kuni za mikoko zinavua pwani nguo. Uliza chokaa imetoka wapi. Matumbawe ya kuchimbwa nchi kavu yanatoa chokaa nzuri vilevile. Boriti za mikoko za kubadilisha darini zinahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo badilisha zilizoliwa na mchwa tu, siyo dari zima.

Mchanga wa ufukweni una chumvi. Tumia wa mtoni au wa shimo, na upime: jaza theluthi ya chupa ya kioo kwa mchanga, ongeza maji, tikisa, iache mpaka kesho. Tope lililokaa juu likizidi sehemu moja ya kumi ya mchanga, uoshe au tafuta mwingine. Kipimo ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Ikanyage na kuiponda muda mrefu badala ya kuongeza maji. Mchanganyiko wa majimaji unapasuka, na huo ndio ufa wa kwanza utakaouona kwa kila mgeni.

Lowesha ukuta jana yake na tena asubuhi. Ziba mashimo makubwa kwa vipande vya matumbawe, siyo kwa donge la chokaa. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la lipu, usizidi sentimeta moja. Ukucha ukigoma kuingia, kwa kawaida baada ya wiki, piga mkono wa pili. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa ikiwa na unyevunyevu, hivyo jua la saa sita ni adui. Tundika magunia ya katani mbele ya ukuta uyanyunyizie maji asubuhi na jioni kwa siku tano hadi saba. Mwishoni paka chokaa nyepesi kama maziwa, mara nne au tano, ukilowesha ukuta kabla ya kila mkono. Mara moja nzito itababuka.

Wakati lipu inakomaa, fanyeni kazi ya masimulizi. Nenda baada ya alasiri, mzee akiwa barazani, toa shikamoo, ukae. Simu iwe haipokei miito, iweke kwenye kitambaa mbali na upepo, rekodi dakika moja usikilize kabla ya kuendelea. Uliza vitu vya mkononi: nani alichonga mlango huu, chokaa ilichomwa wapi, chumba hiki kilikuwa cha nani. Nakala moja ibaki kwa familia. Mambo ya jando na unyago, na siri za mapiko, vinyago vya kuvaa vya Wamakonde, hayaulizwi wala hayarekodiwi. Anayejua kwamba Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho mwaka 1866, au kwamba boma la Wajerumani lilijengwa 1895, hukosekana nadra. Kibao cha nyumba yenu kitaje pia waliochoma chokaa na kubeba mawe.

Siku ya kuonyesha kazi, wenye nyumba ndio wawe wenyeji, siyo kikundi. Wapiga ngoma walipwe, na wazee waletewe viti kivulini.

Chokaa iliyobaki usiimwage. Iache pipani chini ya maji, na mvua ya kwanza ikipita, zunguka na ndoo na mwiko mdogo. Tundu la ukubwa wa kidole gumba likizibwa Desemba ni kazi ya dakika tano.