Maelekezo yanataja amri, programu haina!

SWALI: Habari za kazi wataalamu. Tuna kaprogramu ketu ka chanzo huria, maelekezo tumeyaweka mtandaoni. Sasa kila mara mtu anakuja juu eti kafuata maelekezo neno kwa neno na amri haipo, ukimuuliza yuko toleo la 2.1, na ukurasa unaelezea vitu vya 2.2 ambayo hata haijatoka! Mwenzangu anasema tusiandike chochote mpaka siku ya kutoa toleo. Yuko sahihi?

JIBU: Hapana aisee. Siku ya kutoa toleo kila mtu anakimbizana na bagi (makosa ya programu) za mwisho, maelekezo ndo yatasahaulika moja kwa moja. Andikeni mapema, tena kwenye repo (hifadhi ya mafaili) ileile ya msimbo wa programu, anayeongeza amri aiandikie maelezo hapohapo. Tatizo lenu ni mlango: inaonekana tovuti inajengwa kutoka tawi kuu (nakala ya kazi inayoendelea), kwa hiyo mgeni anakaribishwa jikoni chakula bado kibichi.

Mkitoa 2.1 si mnaweka tagi (alama ya kudumu ya toleo) kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya msimbo? Basi maelekezo ya 2.1 yajengwe kutoka tagi hiyohiyo na yawe na anuani yake. Kama mnatumia Read the Docs (huduma ya kujenga na kuweka maelekezo mtandaoni), "stable" inafuata tagi ya toleo la juu kabisa (za majaribio haizihesabu) na "latest" inafuata tawi kuu, jina linapotosha kweli, watu wanadhani ndo toleo jipya kumbe ni kazi inayoendelea. Nendeni kwenye mipangilio mgeni atue "stable", hilo tu litapunguza nusu ya kelele.

Sasa mkikuta kosa kwenye maelekezo ya 2.1, msihangaike na tagi, ile imeshaganda. Wekeni tawi la 2.1, rekebisheni huko, toeni 2.1.1, na marekebisho hayohayo yaingie tawi kuu maana yakisahaulika 2.2 itatoka na kosa lilelile. Django (mfumo wa kutengeneza tovuti) wanatunza matawi ya matoleo hivyohivyo. Na kama mnaandikia Sphinx (zana ya kutengeneza maelekezo), kila amri mpya ipigeni alama ya versionadded, msomaji aone imeanza toleo gani.

Kurasa za zamani msifute, kuna watu bado wako huko, ila juu yake wekeni onyo lenye linki ya toleo la sasa, maana Google hupenda kuleta ukurasa mzee kwanza. Linki ya canonical (inayoiambia Google ukurasa upi ndo rasmi) nayo ielekeze kwenye "stable".