Ukienda kusikiliza jazi Malindi, nenda na mtu wa taarabu

Sisi neno jazi tumelizoea kwa maana nyingine. Ukitaja OK Jazz tunamkumbuka Franco, ukitaja Morogoro Jazz tunamkumbuka Mbaraka Mwinshehe: magitaa yanajibizana, watu wako uwanjani wanacheza. Kwa hiyo mara ya kwanza nilipoalikwa kusikiliza jazi ya Kimarekani kwenye mkahawa mmoja wa tapas hapa Malindi, nilikaa saa nzima nikingoja mwimbaji aingie na watu wainuke. Hawakuinuka. Nilirudi nyumbani sikuambulia kitu.

Mara ya pili nilikwenda na shangazi yangu, mzaliwa wa Lamu aliyekulia kwenye taarabu na udi, ile ala ya nyuzi. Saksafoni ilipiga wimbo mzima, kisha ikanyamaza na piano ikaanza kuzunguka peke yake. Shangazi akaniinamia sikioni: "Huyu anapiga taksimu, mwanangu."

Hapo ndipo nilipofunguka. Mpiga udi kabla ya wimbo huzungukazunguka akitafuta njia, hakuna aliyemwandikia. Mtu wa jazi naye hutunga papo hapo, ila taksimu yake huja katikati ya wimbo, na chini yake kuna mzunguko usiokatika. Wimbo ukiwa ni bluzi (blues), muziki wa Wamarekani Weusi, mzunguko kwa kawaida una pau 12, yaani vipande kumi na viwili vya mapigo manne manne. Hesabu moja mpaka nne, mara kumi na mbili, utasikia umerudi pale pale ulipoanzia. Nyimbo nyingine nyingi zina pau 32. Hesabu mizunguko miwili au mitatu, kisha acha, sikio litaendelea lenyewe. Wala udi si mgeni huko: Ahmed Abdul-Malik, aliyempigia besi mpiga piano wa jazi Thelonious Monk miaka ya 1950, alikuwa mpiga udi pia.

Meza tafuta upande wa besi. Nasema besi ile kubwa ya mti inayopigwa kwa kusimama, yenye kimo cha kumpita mpigaji. Tulikaa hatua tatu kutoka kwake. Alikuwa amezungushia plasta kidole cha shahada, na waya aliuvuta kwa ubavu wa kidole, si kwa ncha, ndiyo maana sauti ilitoka nzito. Zamu yake ilipofika wenzake walishusha sauti, na ukumbi mzima ukaanza mazungumzo! Iliniuma. Tafadhali, ukiona ala zimepungua usidhani ni mapumziko. Hapo ndipo pa kunyamaza. Zamu ikiisha piga makofi, hata kama wimbo haujaisha, ndiyo desturi yao.

Shangazi makofi hayakumtosha. Alitoa noti ya mia mbili akaenda kumtuza mpiga saksafoni angali anapuliza. Yule bwana alifumbua macho, akainamisha kichwa, akarudia kifungu kile kile kwa ajili yake. Nilifurahi mno. Hata hivyo ukitaka kutuza, ngoja zamu iishe, na uliza kama kiingilio kinawafikia wapigaji.

Chakula agizeni kabla muziki haujaanza. Tapas ni sahani ndogo za Kihispania za kugawana, na neno lenyewe asili yake ni kifuniko. Msiagize kila mtu yake. Anzeni na mbili, mtaongeza. Kamba wa kitunguu saumu waliletwa wangali wanachemka kwenye mafuta ya zeituni, na yale mafuta yaliyobaki, chovyeni mkate, msiyaache. Viazi vyao havina unga kama viazi karai vyetu, vinamwagiwa sosi yenye pilipili. Kwa asiyekula nguruwe: chorizo na jamón ni nguruwe, na vibonge vya nyama mara nyingi huchanganywa na nguruwe. Ulizeni pia kama sosi imetiwa mvinyo. Sisi tuliuliza, mhudumu akaenda jikoni akatuletea jibu bila kununa.

Karibu na saa nne stima ilikatika. Piano ilikuwa ya umeme, ikanyamaza. Besi haikusita, mpiga ngoma akashika brashi za waya, saksafoni ikasogea katikati ya meza, na baina ya noti tukawa tunasikia bahari. Hakuna aliyezungumza.

Shangazi ameshaniuliza safari ijayo tunaondoka saa ngapi. Nimemwambia saa kumi na mbili na nusu, tuiwahi ile meza.