Adapta ya USB si LPT1: kuunganisha printa ya poti ya paraleli na kompyuta mpya

Printa ya nukta yenye soketi pana ya pini 36 mgongoni bado ina kazi yake. Inagonga karatasi, kwa hiyo inachapa fomu ya kaboni na nakala zake zote kwa mkupuo mmoja. Leza haiwezi hilo, wala ya wino. Tatizo ni kwamba kompyuta mpya haina pa kuchomeka kebo yake, na wengi hukimbilia kununua adapta ya USB kabla ya kujiuliza ni nani hasa atakayeituma printa hiyo. Ikiwa ni programu ya kawaida inayochapa kupitia Windows au Linux, adapta inatosha. Ikiwa ni programu ya DOS (mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows) inayotuma maandishi moja kwa moja LPT1, yaani poti ya kwanza ya paraleli ya kompyuta, adapta peke yake haitoshi. Na ikiwa ni programu inayogusa poti yenyewe kwa anwani yake, adapta haifai kabisa.

Kabla ya kununua chochote, ipime printa ikiwa peke yake. Kwenye Epson nyingi za nukta, izime, shikilia kitufe cha LF (cha kushusha mstari), kisha iwashe huku umekishikilia. Ikitoa mistari ya herufi, mashine ni nzima. Isipotoa, tafuta ubovu ndani ya printa kwanza, adapta haitaitibu.

Adapta ni za namna mbili. Ya kwanza ina USB upande mmoja na kichwa cha pini 36 upande wa pili. Nyingine inaishia kwenye soketi ya matundu 25, ili utumie kebo yako ya zamani. Kazi ni ileile, ila kwenye hii ya pili tazama vizuri unachonunua, maana kichwa cha pini 25 kilitumika pia kwa siriali, aina nyingine ya poti. Kwenye kompyuta, soketi ya paraleli ni ya matundu. Ya siriali ni ya pini zilizochomoza. Adapta ya siriali haitachapa hata nukta moja.

Poti hii haikuundwa kuchomekwa na kuchomolewa umeme ukiwa unapita. Zima printa, ingiza kichwa cha pini 36, funga vile vibanio viwili vya waya pembeni, washa printa, ndipo uchomeke USB. Katika Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, kitatokea kifaa kinachoitwa "USB Printing Support", na Windows itaunda poti mpya, kwa kawaida USB001. Usikae kungoja jina la printa lijitokeze lenyewe. Utaratibu wa printa kujitambulisha uliwekwa na kiwango cha IEEE 1284 cha mwaka 1994, na mashine nyingi za nukta hazina habari nao. Iongeze kwa mkono: chagua printa iliyounganishwa moja kwa moja, kisha poti USB001. LPT1 nayo itakuwa kwenye orodha hiyohiyo na itakuvutia. Iache. Ukiichagua, kazi zitalala kwenye foleni bila hata ujumbe wa maana.

Draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuzungumza na printa, ichaguliwe kwa lugha ambayo printa inaielewa, si kwa jina lililoandikwa kifuani. Epson za nukta huzungumza ESC/P, na printa nyingi za makampuni mengine zinaweza kuiga Epson au IBM Proprinter kupitia menyu au swichi ndogo za ndani. LaserJet za zamani nyingi huelewa PCL. Kwenye Linux, CUPS (mfumo wake wa kuchapa) ina draiva za jumla za Epson za pini 9, za pini 24, na za PCL. Kwenye Windows, ukikosa draiva kabisa, chukua "Generic / Text Only": haichapi picha wala fonti za kompyuta, lakini kwa risiti na ankara ina kasi kuliko draiva yoyote ya picha, kwa sababu inatumia herufi za printa yenyewe. Kama Windows 11 yako imewashiwa hali ya "Windows protected print mode", izime, kwani inakataa draiva za namna hii.

Kuna printa ambazo ni afadhali kuachana nazo mapema. Leza na za wino za bei nafuu za mwisho wa miaka ya 1990 ziliachia kompyuta kazi yote ya kupanga ukurasa, na draiva zake ziliandikwa kwa Windows ya biti 32. Draiva hiyo haiingii kwenye Windows ya biti 64. Tafuta draiva kwanza, adapta baadaye.

Sasa DOS. Shiriki printa kwenye mtandao, hata kama kompyuta ni moja tu, na uipe jina fupi lisilo na nafasi, tuseme NUKTA. Kisha kwenye dirisha la amri:

net use LPT1: \\JINALAKOMPYUTA\NUKTA /persistent:yes

Kinachotumwa LPT1 sasa kitaelekezwa kwenye foleni ya printa hiyo. Kama kompyuta ina LPT1 halisi, izime kwanza katika Device Manager. Kumbuka pia kwamba Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16. Hapo utahitaji DOSBox-X, programu inayoiga kompyuta ya DOS, yenye mipangilio yake ya poti ya printa.

Kwa programu inayogusa poti yenyewe, kama zile za mashine za kuchonga au zenye kifunguo cha leseni cha paraleli, unahitaji poti halisi. Fungua kasha la kompyuta ya mezani kabla ya kununua kadi. Baadhi ya mazabodi bado zina safu mbili za pini zilizoandikwa LPT, nafasi 13 kila upande na moja ikiwa tupu. Kinachokosekana ni kipande cha waya na soketi tu, ila mpangilio wa pini hutofautiana, hivyo linganisha na kitabu cha mazabodi. Iwashe katika BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta) kwa anwani 378h na IRQ 7, namba ambayo poti huitumia kuiita kompyuta. Kadi ya PCIe nayo inatoa poti halisi, lakini kwa kawaida haikai kwenye 378h. Programu isiyokubali kubadilishiwa anwani haitaiona.

Kupima njia yote bila kupitia draiva, andika faili fupi kisha: copy /b jaribio.txt \\JINALAKOMPYUTA\NUKTA. Kwenye Linux: printf 'BABA\r\n\f' | sudo tee /dev/usb/lp0. Ile \f mwishoni ndiyo inayosukuma ukurasa utoke. Bila hiyo, leza itapokea maandishi na kukaa kimya huku taa ya data ikiwaka.

Neno BABA halikuchaguliwa ovyo. Herufi husafiri kwa nyaya nane, pini ya 2 hadi ya 9. B ni 66, A ni 65. Waya wa pini ya 2 ukikatika na printa ikausoma kama 1 wakati wote, BABA inatoka CACA. Ukisomeka 0 wakati wote, inatoka B@B@. Kwa hiyo herufi zinazokosewa kwa mpangilio uleule kila mara ni waya au pini iliyopinda, si draiva. Epson nyingi zina hali ya kuchapa namba za kila baiti iliyopokelewa: shikilia LF na FF (cha kutoa ukurasa) pamoja wakati wa kuwasha.

Ukurasa ukianza na %-12345X au %!PS, nyaya ni nzima kabisa. Umechagua draiva ya lugha isiyo ya printa hiyo. Mistari ikishuka kama ngazi kuelekea kulia, printa inapata amri ya kushuka mstari bila amri ya kurudi mwanzo, jambo la kawaida kwa faili za Linux. Tumia \r\n, au ukague kama printa ina swichi inayoongeza kurudi mwanzo. Mistari ikiachana mara mbili, zima "Auto LF". Ikiwa imezimwa tayari, shuku pini ya 14, maana adapta au kebo ikiishusha, printa hujiongezea mstari yenyewe.

Na printa iliyokuwa ikichapa jana ikionekana "offline" leo, angalia kama mtu amehamishia USB kwenye tundu jingine. Windows imeunda USB002 huku foleni yako ikiendelea kuitafuta USB001. Rudisha adapta pale ilipokuwa, au ubadilishe poti kwenye sifa za printa. Ukiwa hapohapo, ondoa alama ya "Enable bidirectional support", kwa kuwa adapta nyingi hazirudishi majibu ambayo draiva inayasubiri.