Huyu K ni nani?

SWALI: Assalaamu alaykum, Mhariri. Mimi ni mwalimu wa skuli hapa Wete, Pemba. Masika haya, mvua zilipotuweka ndani, nilisoma riwaya mbili nilizoazimwa na shoga yangu: Peponi, ambayo ni tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022, na Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 2001. Ya kwanza niliimaliza kwa siku nne, na kisa cha Yusuf, mtoto anayechukuliwa kwa deni la baba yake na tajiri anayemdhania kuwa ni ami yake, kilinikaa moyoni hadi nikawa namtazama kwa jicho jengine kila mtoto anayepelekwa mjini kulelewa na jamaa. Ya pili imenishinda. Mhusika mkuu anaitwa K, herufi tupu. Babu yake aliyekwisha kufa anamjia na kumtembeza. Nami sikujua lini yuko macho na lini anaota. Utengano ya mwandishi huyo huyo niliisoma zamani bila ya kukwama. Je, kasoro ni yangu, au waandishi wetu wametupa kisogo? Shoga yangu sasa anataka kuniazima Dunia Yao, niipokee?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, mwalimu. Kasoro si yako, ila nadhani umeisoma Babu Alipofufuka ukitaraji Utengano ya pili. Katika Utengano, iliyochapishwa mwaka 1980, Maksuudi anamfungia bintiye Maimuna ndani, Maimuna anatoroka, na msomaji anaweza kufuatilia kila pigo hadi alipoanzia. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alipotoa riwaya zake za ndoto na mafumbo, Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, mfuatano wa namna hiyo haukuwa tena sharti la riwaya ya Kiswahili, na Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa kisiwa chako hicho, ni miongoni mwa walioitumia ruhusa hiyo.

Hata hivyo nimestaajabu kidogo kwamba maiti anayesema amemshangaza mtu wa Pemba. Tulipokuwa tukiitikia "Pakawa" mbele ya bibi zetu, hakuna aliyemkatiza msimulizi kumuuliza kama zimwi lile lilikuwa la kweli au la ndotoni. Tulichotaka kujua ni linataka nini. Muulize Babu swali hilo hilo, na hapo jina la K litaanza kukueleza kitu. Kwetu mtu hutambulika kwa ubini wake: ni fulani bin fulani, wa ukoo fulani. K ni mkubwa wa serikali, mwenye mali na cheo, lakini hana hata jina kamili, sembuse nasaba. Na anayemfuata usiku si mwengine ila babu yake mzaa nasaba hiyo, aliyekuja kumwonesha nchi waliyoiharibu yeye na wenzake. Kwa usomaji wangu, herufi ile tupu ndiyo hukumu ya mwanzo, inayotolewa kabla Babu hajafungua kinywa.

Ndiyo maana sioni kuwa vitabu vyako viwili viko mbali sana. Katika Peponi, neno "ami" linafunika deni, na Khalil, kijana anayefanya kazi naye dukani, analazimika kumfunza Yusuf kwamba yule tajiri si ami yake. Katika Babu Alipofufuka udugu ni wa kweli na mjukuu ndiye aliyeukana. Tofauti ni kwamba Gurnah anamwacha msomaji agundue taratibu, pamoja na mtoto, ilhali Babu mara nyengine huhubiri kupita kiasi, na hapo, nakiri, hata mimi niliwahi kukiweka kitabu chini na kwenda kuchemsha chai.

Kirejee tangu pale Babu anapotokea mara ya kwanza, na ukiweza ukisome kwa sauti, mtu mwengine akisikiliza. Dunia Yao, ya mwaka 2006, ipokee usimvunje moyo shoga yako, lakini ni ngumu kuliko hii. Iache kabatini mpaka umalizane na K.