Maswali ya Wasomaji: Mwenye Miguu Bandia Akiwashinda Wenye Miguu

SWALI: Mhariri, nimesikia kwamba kuna mkimbiaji asiye na miguu aliyezuiwa kushindana na wenye miguu, kwa madai kwamba miguu yake bandia inampa nguvu za ziada. Ikiwa kifaa kinamwezesha kuwashinda wazima, kwa nini tuendelee kumwita mtu mwenye ulemavu?
Mwalimu wa michezo, Morogoro

JIBU: Ndugu Mwalimu, huenda uliyemsikia ni Oscar Pistorius wa Afrika Kusini, aliyekatwa miguu yote miwili chini ya magoti akiwa na umri wa miezi 11. Shirikisho la kimataifa la riadha lilimpiga marufuku Januari 2008. Mei mwaka huohuo Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliitengua marufuku hiyo, kwa kuwa wataalamu walikuwa wamempima akiwa tayari amekolea mbio kwenye njia iliyonyooka, bila kuhesabu muda anaoupoteza wakati wa kuondoka. Mwaka 2012 alifika nusu fainali ya mita 400 katika Olimpiki ya London. (Kesi ya mauaji iliyomfikisha gerezani baadaye ni habari nyingine.)

Kesi inayoligusa swali lako zaidi ni ya Blake Leeper, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa bila miguu kuanzia chini ya magoti. Mwaka 2020 mahakama hiyohiyo ilisema si halali kumtwika mwanariadha mzigo wa kuthibitisha kwamba kifaa chake hakimpendelei. Hata hivyo ilimkatalia kushindana na wenye miguu akiwa na miguu yake ya mbio, kwa sababu ilimfanya kuwa mrefu kupita kimo cha juu kabisa ambacho angeweza kuwa nacho kama angezaliwa na miguu. Yaani alilinganishwa na mwili ambao hakuwahi kuwa nao, tena kwa kanuni iliyotokana na vipimo vya Wazungu na Waasia. Alilalamikia jambo hilo, lakini hoja yake haikukubaliwa. Kwa maoni yangu, hapo mahakama iliteleza.

Sasa, je, mkimbiaji kama huyo aendelee kuitwa mtu mwenye ulemavu? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 hauoni ulemavu kuwa ni upungufu wa kiungo peke yake, bali ni matokeo ya upungufu huo kukutana na vikwazo vya mazingira na vya mitazamo ya watu. Miguu ya mbio haina kisigino, hivyo anayeivaa hupata taabu hata kusimama tuli. Akiivua jioni, ngazi za nyumba na za basi ziko palepale. Anayevaa miwani hatumwiti mlemavu kwa sababu miwani imezoeleka na hununuliwa mjini, ilhali miguu ya mbio, inayoundwa kwa kaboni, ni ghali mno, na ninachohofia ni kwamba tukianza kuamini kuwa kifaa humaliza ulemavu, asiyemudu kukinunua ataambiwa kwamba amejitakia.

Jambo la mwisho ni dogo: neno "wazima" ulilolitumia kinyume chake ni "wagonjwa", na Leeper hakuwa mgonjwa.