Mzee mwenzangu, sahau cc kwanza: kutoka DR650 mpaka Boxer

Umesema una miaka 61, goti la kushoto linasumbua, una pikipiki kubwa ya safari na hujui ushuke moja kwa moja mpaka injini ya cc 150 au uishie kwenye ya 250. Ngoja nikwambie yaliyonikuta, maana mimi nina 64 na nilichelewa kushuka kama miaka mitatu hivi.

Nipo Lushoto, nimestaafu misitu. Nilipostaafu nikaona lazima na mimi niwe na dude la maana, nikanunua Suzuki DR650 kwa mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Ile kitu ikijaa mafuta ni kilo 166 na siti ipo sentimita 88 na nusu kutoka chini. Ikishaanza kutembea uzito huusikii kabisa, kona za Mombo mpaka Soni unazila tu. Shida ni kusimama. Siku moja pale Soni nimesimama nipishe lori, mguu ukatua kwenye changarawe, ikainama kidogo, na ikishapita pale pa kuinama huizuii hata uwe na miaka 25, ikalala na mimi nikalala nayo. Bodaboda wakaja mbio, pole babu, pole babu, wakaiinua wawili. Lile babu liliniuma kuliko goti.

Nikakaidi. Nikaipeleka kwa fundi aishushe, DR shokapu ya nyuma ina tundu la pili la kufungia, ukihamisha bolti na mbele ukarekebisha forku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, inashuka kama sentimita 4. Kazi alifanya safi ila alichosahau, na mimi sikumkumbusha, ni stendi ya pembeni. Pikipiki ikishuka stendi ileile inakuwa ndefu, hivyo haiegemei tena, inasimama wima kama askari wa zamu. Usiku sijui upepo sijui mbwa, asubuhi naikuta imelalia kulia juu ya maua ya mama watoto, petroli inachuruzika kwenye kifuniko cha tanki na mkono wa breki ya mbele umekatika. Mama watoto aliongea siku hiyo nikasikiliza mpaka mwisho.

Kuinua kwenyewe kuna namna. Ikilalia kulia fungua stendi ya pembeni kwanza na utie gia isiserereke, halafu uipe mgongo, makalio yaegemee siti, mkono mmoja kwenye usukani mwingine kwenye keria, unasukuma kwa miguu kinyumenyume hatua fupifupi. Usiiname ukavuta kwa mikono, kiuno kitakwisha. Hata kwa namna hiyo DR niliiweza mara moja kati ya tatu, hapo nikajua mjadala umefungwa.

Ndiyo maana nasema cc zisikutishe. Ukifika dukani izime, itoe kwenye stendi, isukume kinyumenyume kwenye kamwinuko kadogo ukiwa peke yako. Kisha kaa juu yake na viatu unavyovaa kila siku, visigino vyote viwili viguse chini. Wauza duka watakushangaa, waache washangae. Hizo 250 nyingi za porini ni nyepesi kweli ila siti iko juu vilevile, kwa hiyo goti lako litabaki na kesi yake.

Mimi nimeishia Boxer 150. Haifiki kilo 130, nyayo zote zinakaa chini, ina stata na ina kiki, wakati ile DR haina kiki, betri ikifa unaomba vijana wakusukume. Pedali ya gia ina sehemu ya kisigino, napandisha gia bila kuinua dole gumba la mguu, na mwenye gauti anaelewa nasema nini. Spea zipo kila kijiji. Kwa sababu ya milima fundi alinifungia sproketi ya mbele (gurudumu la meno linalovuta mnyororo) iliyopungua jino moja, sasa nikiwa na mama watoto nyuma na gunia la kabichi inapanda bila kulalamika, ila nikishuka tambarare kuelekea Korogwe injini inapiga kelele mapema na malori yananipita. Pia basi likikupita kwa kasi wepesi wake unausikia, inayumba, usikaze mikono tu. Hayo ndiyo mabaya yake.

TVS HLX 125 ni nyepesi zaidi, kama unatembea peke yako iangalie. Kuna rafiki yangu yuko Unguja ananing'ang'aniza skuta ya Vespa, ni nzuri kwa kukaa na huna haja ya kurusha mguu juu ya siti, lakini zile za zamani tairi ni inchi 10, na shimo la barabara ya Mlalo litaimeza nzima. Kama njia zako zote ni lami hapo sawa.

DR bado ipo uani. Jumamosi kuna kijana anakuja kuiangalia, nimemwambia aje na mwenzake.