Hatifungani za kupitishia au kuweka moja kwa moja?

SWALI: Nina akiba ndogo ya bitcoin. Rafiki yangu anauza hatifungani ambazo fedha zake huzipeleka kwa mkopaji mmoja wa mtandaoni anayelipa riba ya asilimia 2 kwa wiki. Yeye hubakiza kidogo na kutupitishia asilimia 1.6, na anasema mtaji wetu anaudhamini mwenyewe. Mkopaji hapokei viwango vidogo, lakini nikiungana na kaka yangu tunaweza kumfikia wenyewe. Njia ipi ina faida zaidi? Na riba niiache izae au niitoe? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kwa hesabu ya riba peke yake, kuweka moja kwa moja kunashinda. Ukiitoa riba kila wiki, asilimia 2 hukurudishia kiasi kilicho sawa na mtaji wako baada ya wiki 50, wakati asilimia 1.6 inahitaji zaidi ya wiki 62. Hata hivyo, hesabu hiyo inachukulia kwamba mkopaji ataendelea kulipa muda wote huo, na hilo ndilo ulilopaswa kuliuliza kwanza, kwa sababu njia zote mbili zinaishia mfukoni mwa mtu yule yule.

Jambo hili limewahi kutokea Marekani. Mwaka 2011 na 2012, Trendon Shavers wa Texas, aliyejiita pirateat40, alikusanya bitcoin kupitia mradi wake wa Bitcoin Savings and Trust akiahidi riba iliyofikia asilimia 7 kwa wiki. Riba hiyo ikiachwa izae, bitcoin 1 ingepaswa kuwa zaidi ya 33 kwa mwaka, na hakuna biashara halali ninayoifahamu inayoweza kumlipa kila mwekaji kiasi hicho. Watu wengine walikusanya akiba za wadogo, wakampelekea, kisha wakauza hatifungani za kupitishia katika soko la mtandaoni lililoitwa GLBSE. Agosti 2012 mradi ulisimama, na soko lenyewe likafungwa Oktoba mwaka huo huo. Tume ya Dhamana na Masoko ya Marekani ilipomshtaki mwaka 2013 ilisema alikusanya angalau bitcoin 700,000 na kwamba riba ya waliotangulia ilitoka katika amana za waliofuata. Kwa lugha yetu, ulikuwa upatu. Mwaka 2016 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na nusu.

Mwenye hatifungani katika mkasa kama huo yuko mahali pabaya kuliko aliyeweka mwenyewe. Aliyeweka mwenyewe anamdai mkopaji, na jina lake limo katika daftari. Mwenye hatifungani anamdai mpitishaji, ambaye naye anadai kwingine, na kumbukumbu za nani anamiliki nini hutegemea soko au mtu aliyeziuza. Faida moja ya kweli ya hatifungani ni kwamba unaweza kumwuzia mwingine kabla ya muda, lakini siku uvumi unapoanza wanunuzi hutoweka au hutaka bei ya kutupa.

Dhamana ya rafiki yako ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Anabakiza asilimia 0.4 kwa wiki. Hata asipoitumia hata senti, itamchukua wiki 250, yaani karibu miaka mitano, kukusanya kiasi cha kuwarudishia ninyi nyote mtaji wenu. Kama hana mali nyingine nje ya mradi huo, ahadi yake haina kitu nyuma yake, hata kama ameitoa kwa moyo safi. Mwombe akuonyeshe mali hiyo, na aandike kwamba atakulipa hata kama yeye hatalipwa. Mkopaji naye aeleze anawapa akina nani fedha hizo na wanazifanyia biashara gani hata wamudu kulipa riba kila wiki. Jibu la kwamba mbinu ni siri litoshe kukuzuia, na hapo mimi nisingeweka kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, wala nisingemwingiza kaka yangu.

Kuhusu swali lako la mwisho, kama umeshaweka, itoe riba kila inapoingia na uihamishie kwenye pochi ya kidijitali ya bitcoin ambayo ufunguo wake, yaani msimbo wa siri wa kuidhibiti, unao wewe mwenyewe. Riba iliyoachwa izae ni tarakimu tu katika ukurasa wa mkopaji mpaka siku utakapoiomba, na kadiri inavyokua ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mali yako inavyobaki mikononi mwake.